Risasi ya kujaza mwenyewe inapokosea: dalili, vyanzo, na uchaguzi wa baruti

Mwindaji wa Lubumbashi anayejaza risasi zake mwenyewe, risasi zikimkosesha raha, huanza kwa kuishtaki baruti. «Papa, hii baruti njo mubaya, haina nguvu,» ndivyo lalamiko linavyofika, na mara nyingi linakuja pamoja na kopo mkononi, kana kwamba kosa limeandikwa kwenye lebo. Lalamiko hilo lina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu baruti zisizotoa moshi hazitofautiani sana kwa wingi wa nishati zilizobeba. Zinatofautiana kwa mwendo wa kuungua. Baruti iliyo bora kabisa katika bastola ya milimita 9 itapasua bunduki kubwa ya nyati ikijazwa humo kwa wingi, na baruti ya bunduki hiyo ya nyati, ikiwekwa katika bastola, itatoka nusu yake ikiwa haijaungua. Zote mbili ni nzima. Aliyekosea ni aliyezichagua.

Maelezo haya yanamhusu mwenye kibali. Katika nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, silaha na risasi husimamiwa na amri-sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji na sheria ya tarehe 28 Mei 1982. Asiye na karatasi zake hana sababu ya kuweka baruti nyumbani. Kujaza risasi kwa mkono ni desturi iliyoenea zaidi Afrika Kusini, ambako wawindaji na walenga shabaha wengi hufanya hivyo kihalali, na vifaa pamoja na majedwali ya kujazia vinavyotajwa katika eneo letu vinatoka huko, Ulaya au Marekani. Tena, sitataja uzito wowote wa baruti, na ninafanya hivyo kwa makusudi: uzito unatoka katika jedwali lililochapishwa na mtengenezaji wa baruti ile ile, kwa kichwa cha risasi cha uzito ule ule, wala si katika makala, simu ya rafiki au karatasi iliyokunjwa ndani ya sanduku la vifaa.

Jambo la mwendo wa kuungua

Yeyote aliyewasha mbabula (jiko la makaa) anajua kwamba nyasi kavu na makala vyote vinatoa moto, lakini nyasi hulipuka mara moja na kwisha ilhali makala huchukua muda na kuendelea kutoa joto. Baruti ya haraka ni kama nyasi hizo: gesi yake yote hutoka kabla kichwa cha risasi hakijasogea mbali. Kwa hiyo inafaa pale ambapo ganda ni dogo, kichwa ni chepesi kwa kipenyo chake na mtutu ni mfupi, yaani katika bastola na katika bunduki ya marisau. Baruti ya polepole hutoa gesi kidogo kidogo wakati kichwa kinasafiri, na hivyo inafaa ganda kubwa linalosukuma kichwa kirefu na kizito ndani ya mtutu mrefu. Ganda likiwa kubwa na tundu la mtutu likiwa dogo, mwendo unaotakiwa unazidi kuwa wa polepole. Kichwa kikiongezwa uzito katika ganda lile lile, mwendo unapaswa kushuka tena hatua moja.

Mipaka ya shinikizo inaeleza kwa nini. Tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha inayoitwa CIP, yenye makao yake Ubelgiji, imeweka kikomo cha bari 2350 kwa risasi ya 9 mm Parabellum, bari 4150 kwa .308 Winchester, na bari 4300 kwa .375 H&H Magnum. Kalibre 12 ya kawaida ya marisau haipaswi kuzidi bari 740. Mtutu wa kalibre 12 ni mpana, kuta zake ni nyembamba, na msomaji anayefikiri kwamba bunduki yenye tundu kubwa ndiyo inayovumilia zaidi anapaswa kuziangalia namba hizo mara mbili.

Umbo la punje nalo lina kazi yake. Kuna baruti za vibapa vidogo, kuna za mviringo kama mtama mdogo sana, na kuna za vijiti vilivyokatwa mithili ya ncha za penseli, mara nyingi vikiwa na tundu katikati ili sehemu inayoungua isipungue upesi. Umbo, unene wa punje na dawa inayopakwa juu yake ndivyo vinavyoweka mwendo. Jicho halitoshi kutambua: makopo mawili yanaweza kuwa na vijiti vinavyofanana kabisa na mwendo unaoachana mbali.

Komeo ni gumu kufunguka na fataki imebapa

Hii ndiyo dalili ya kuchukuliwa kwa uzito kuliko zote. Mlengaji anafyatua, risasi inakwenda vizuri pengine, lakini anapotaka kuinua mkono wa komeo (kifungio cha nyuma ya mtutu) anahisi umekwama na analazimika kuupiga kwa kiganja. Hapo ufyatuaji usimame. Ganda likitolewa, lielekezwe kwenye mwanga wa dirisha na kugeuzwa polepole, kitako kikimwelekea mtazamaji. Fataki, yaani kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, ikiwa nzima huwa na ukingo wa mviringo laini unaoacha kijifereji chembamba kati yake na ganda. Shinikizo likizidi, ukingo huo hutambaa na kujaza kijifereji, na uso wa fataki unakuwa bapa kama sarafu. Hatua inayofuata ni alama ndogo inayong'aa kwenye kitako, mahali ambapo shaba nyeupe imesukumwa ndani ya tundu la kitoa-ganda. Fataki iliyotoboka au iliyozungukwa na masizi meusi ina maana kwamba gesi imerudi nyuma kuelekea usoni mwa mlengaji.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni mizani, kabla ya baruti. Majedwali mengi yameandikwa kwa greni, ambayo ni sawa na gramu 0.0648, ilhali majedwali ya Ulaya ambayo sisi tunaosoma Kifaransa tunayapata kwa urahisi hutumia gramu. Mizani ya umeme ya kujazia risasi huonyesha alama «g» ikiwa inapima gramu na «gn» ikiwa inapima greni, na kitufe cha kubadilisha ni kimoja, kidogo, chini ya kidole gumba. Mtu anayeandika uzito wake daftarini bila kutaja kipimo ametega mtego ambao yeye mwenyewe ndiye ataukanyaga.

Chanzo cha pili ni majina yanayofanana. Kuna baruti iitwayo IMR 4831 na nyingine iitwayo H4831; namba ni moja, baruti ni mbili, na ile ya IMR inaungua haraka zaidi. Aliyesoma jedwali la H4831 na kujaza IMR 4831 kwa uzito huo huo amevuka kikomo bila kukosea hata tarakimu moja. Hali ni ile ile kwa IMR 4895 na H4895, ingawa tofauti yake ni ndogo. Kwa baruti za Somchem za Afrika Kusini, ambazo majina yake ni herufi S na tarakimu tatu, ni rahisi macho yaliyochoka kusoma S335 mahali palipoandikwa S365, na S335 ndiyo yenye haraka kati ya hizo mbili. Jina zima lisomwe kwa sauti: herufi, namba, na kampuni.

Chanzo cha tatu ni joto, na hapa Lubumbashi ina la kusema. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1200. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi ya kuvaa koti, na mchana wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua linafikisha nyuzi 32 na zaidi kivulini. Risasi iliyoachwa juu ya kiti cha gari lililofungwa vioo hupata joto kubwa kuliko hilo. Baruti yenye joto huungua haraka zaidi na shinikizo hupanda, na baruti nyingi zenye nitrogliserini pamoja na nitroselulosi huathirika zaidi kuliko zile za nitroselulosi peke yake, ingawa watengenezaji wamejitahidi kutoa aina zinazovumilia joto. Waingereza walilijua tatizo hili zamani: risasi zao za kodaiti (baruti ya Kiingereza isiyotoa moshi) zilizopelekwa India na Afrika zilipunguzwa baruti na kuandikwa kuwa ni za nchi za joto. Kwa hiyo risasi iliyojazwa na kupimwa Julai ikiwa karibu na kikomo inaweza kukaza komeo Oktoba bila mtu kubadilisha chochote. Dawa yake ni kupima wakati wa joto, au kukaa chini ya kikomo kwa nafasi ya kutosha. Mimi napendelea vyote viwili.

Mambo mengine yanayopandisha shinikizo huku baruti ikiwa sahihi ni shingo ya ganda iliyorefuka baada ya kutumiwa mara nyingi hadi ikabana mbele ya chemba, kichwa kilichowekwa mbele mno hata kikagusa mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu, kichwa cha aina nyingine chenye uzito ule ule lakini shaba yake ngumu zaidi, na fataki ya magnamu (yenye moto mkubwa zaidi) iliyowekwa badala ya ya kawaida. Kila kimoja kikibadilishwa, mjazaji anarudi chini kwenye uzito wa kuanzia, ambao kwa kawaida ni karibu asilimia kumi chini ya kikomo cha jedwali, kisha anapanda kwa hatua ndogo.

Kuna dalili moja inayowadanganya wengi. Mstari unaong'aa unaozunguka ganda karibu na kitako huchukuliwa kuwa ushahidi wa baruti kali, lakini mara nyingi chanzo chake ni kalibu (kifaa cha kurudishia ganda umbo lake) iliyorudisha bega la ganda nyuma kupita kiasi, ili kila mara ganda linyooke na kukonda mahali pale pale. Waya mwembamba uliopindwa ncha kama ndoano ukiingizwa ndani na kukokotwa ukutani utakwama kwenye kijifereji kama kipo. Ganda la namna hiyo litupwe, na kalibu irekebishwe. Kubadilisha baruti hakutaponya kitu.

Masizi shingoni na punje zisizoungua

Hapa mambo ni kinyume. Ganda linatoka na masizi meusi yaliyoteremka hadi begani, ndani ya mtutu kuna punje za njano au za kijivu zinazobaki kwenye kitambaa, na mshindo una sauti ya kupwaya. Maana yake ni kwamba shinikizo halikufika kiwango cha kulipanua ganda likaziba chemba, wala cha kuiunguza baruti yote. Chanzo cha kawaida ni baruti ya polepole mno kwa kichwa kilichowekwa. Mwindaji wa .375 H&H anayetaka kichwa chepesi kwa ajili ya swala, huku akiendelea na baruti aliyoichagua kwa kichwa kizito cha nyati, ataiona dalili hii. Kusogea hatua moja kuelekea baruti ya haraka zaidi, kwa kufuata jedwali la kichwa kile, ndilo jibu. Kuongeza baruti ya polepole hadi ganda lifurike si jibu, ingawa wakati mwingine linasaidia kidogo.

Chanzo kingine ni uoga. Mjazaji anapunguza baruti kwa kudhani kwamba pungufu ni salama siku zote, na kwa baruti nyingi za kati dhana hiyo haimdhuru sana. Lakini zipo za mviringo za polepole ambazo hazikubali kupunguzwa: kwa baruti iitwayo H110, mtengenezaji anaonya kwamba isishushwe zaidi ya asilimia tatu chini ya jedwali, kwa sababu ikipungukiwa na shinikizo huwaka vibaya na inaweza kuacha kichwa ndani ya mtutu. Baruti hizo za mviringo, kwa kuwa zimepakwa dawa nyingi ya kupunguza mwendo, huhitaji pia fataki yenye moto mkubwa. Pale jedwali linapoandika fataki ya magnamu, halipambi.

Kasi hazilingani kati ya risasi na risasi

Mwenye kipima kasi ataliona hili kwa tarakimu, na asiye nacho ataliona kwenye karatasi ya shabaha, matundu yakipangana juu na chini. Nimeona watu wakibadilisha baruti mara kadhaa kwa ajili ya tatizo ambalo limo katika kipimio, kile chombo cha kugawia baruti. Vijiti virefu havitiririki vizuri: hukingamana mdomoni mwa faneli, risasi moja ikapata pungufu na inayofuata ikapata nyongeza wakati kizuizi kinapoanguka. Mkono unausikia mkato huo, kama kitu kinachosagika. Anayependa kipimio cha mkono achague baruti ya mviringo au ya vijiti vifupi. Anayependa vijiti virefu apime kila risasi kwenye mizani.

Iwapo vipimo ni sawa na kasi bado hazilingani, tazama nafasi iliyobaki ndani ya ganda. Baruti inayojaza nusu tu hulala mbele au nyuma kutegemea bunduki ilikuwa imeelekea wapi kabla ya kufyatuliwa, na moto wa fataki huikuta kila mara mahali tofauti. Kati ya baruti mbili zenye mwendo unaofaa, ile inayojaza ganda karibu na msingi wa kichwa kwa kawaida hutoa kasi zinazolingana zaidi. Ndiyo sababu, katika .308 na zinazofanana nayo, wengi huishia kwenye baruti ya vijiti ya mwendo wa kati, kama N140 ya Vihtavuori, na wanakaa nayo miaka.

Unyevu nao usisahauliwe. Baruti hunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa. Iliyoachwa wazi ndani ya kipimio wakati wa kiangazi cha Katanga, hewa ikiwa kavu hadi midomo inapasuka, hupoteza maji na kuungua haraka zaidi. Iliyoachwa wazi Januari, katikati ya mvua, hupungua mwendo. Kopo lifungwe mara tu kipimio kinapojazwa.

Mlio mdogo, kisha hakuna kitu

Fataki imelia peke yake, au kwa baruti kidogo mno, na mshindo umekuwa mdogo usio wa kawaida. Hakuna kufyatua tena. Bunduki iondolewe risasi zote, komeo litolewe, na mtutu utazamwe kutokea nyuma: kama mwanga hauonekani, kichwa kimekwama humo, na risasi ya pili itaupasua mtutu. Kukitoa ni kazi ya fundi mwenye fimbo ya shaba nyeupe na subira.

Mara nyingi chanzo ni ganda lililorukwa mezani, na ndugu yake ni hatari zaidi: ganda lililojazwa mara mbili. Hapa uchaguzi wa baruti una msaada wa kweli. Katika ganda la .38 Special, ambalo ni refu kwa sababu lilizaliwa wakati wa baruti ya moshi, kipimo cha baruti ya haraka sana ni kidogo kiasi kwamba vipimo viwili hukaa ndani bila kufurika na bila jicho kushtuka. Kikomo cha risasi hiyo ni bari 1500 tu. Baruti yenye punje nono, inayochukua nafasi kubwa kwa uzito mdogo, humwagika mezani ikiwekwa mara mbili, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya mwanafunzi kuichagua hata kama inachafua mtutu zaidi. Kisha maganda yote yaliyokwisha kujazwa yapangwe kwenye kibao na kumulikwa kwa tochi, moja baada ya jingine, kabla kichwa chochote hakijawekwa.

Fataki imepigwa, mshindo umechelewa

Mtutu ubaki umeelekea mahali salama kwa dakika moja nzima. Komeo lisiguswe. Kuchelewa kunaweza kuwa kwa sehemu ndogo ya sekunde au kwa muda unaotosha mtu kuanza kufungua bunduki, na ganda likilipuka nje ya chemba vipande vyake huruka kila upande.

Vyanzo ni fataki iliyolowa mafuta, pini dhaifu ya kupigia fataki, au baruti iliyoshikamana. Hili la mwisho lina historia katika bara letu. Mwaka 1956 Winchester walitoa .458 Winchester Magnum wakitaka nguvu ya bunduki kubwa za Kiingereza katika ganda fupi linaloingia kwenye bunduki ya kawaida. Ganda lilikuwa na nafasi ndogo kwa kazi hiyo, baruti ya mviringo ikashindiliwa, na katika risasi zilizokaa muda mrefu ilishikamana kuwa bonge. Wawindaji wakapata risasi zenye kasi pungufu, nyingine zikiacha baruti isiyoungua, mbele ya wanyama wasiosamehe. Mmarekani Jack Lott, aliyewahi kuumizwa na nyati Msumbiji, alitoa mwaka 1971 risasi yake ya .458 Lott yenye ganda refu zaidi, ili baruti ipate nafasi. Somo kwa mjazaji ni la moja kwa moja: kushindilia kidogo baruti ya vijiti ni jambo la kawaida na majedwali hulitaja, lakini baruti ya mviringo isishindiliwe isipokuwa jedwali limeruhusu waziwazi, na risasi zilizoshindiliwa zisikae miaka ndani ya sanduku.

Kalibre 12

Katika risasi ya marisau, baruti haichaguliwi peke yake. Ganda la plastiki, fataki, kizibo (kinachotenganisha baruti na marisau) na uzito wa marisau ni kitu kimoja katika jedwali, na kubadilisha kizibo tu, au fataki ya kampuni moja kwa nyingine, kunaweza kupandisha shinikizo kwa mamia ya bari, na tumeona kikomo chenyewe ni 740. Risasi ikitoa mlio wa kukohoa na marisau kuanguka karibu, tazama kwanza mdomo ulivyokunjwa: mkunjo uliolegea huachia mapema, na baruti haipati muda wa kushika moto. Ukikaza mkunjo na kohozi likaendelea, angalia kama kizibo kinalingana na ganda. Ni mwisho kabisa ndipo baruti inaposhukiwa, na hapo ni kwa sababu mjazaji ametumia ya marisau mazito kwa kurusha marisau mepesi.

Gobore

Vijijini kandokando ya mji kuna magobore yanayojulikana kama pupu, yanayojazwa kwa mdomo wa mtutu na yaliyotengenezwa na wahunzi kwa ajili ya baruti nyeusi. Dalili yake ni mtutu uliovimba katikati au uliopasuka karibu na kitako, na majeraha ya mkono wa kushoto. Chanzo ni kimoja: mtu amepata baruti isiyo na moshi, pengine iliyotolewa ndani ya risasi ya kijeshi, akaijaza kwa kipimo alichozoea. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo na hufikia shinikizo la chini. Ile nyingine, kwa ujazo ule ule, hulizidisha mara nyingi. Hakuna kipimo cha kurekebisha, hakuna kuchanganya nusu kwa nusu, na mtutu uliovimba hauna matengenezo. Baruti iliyotolewa ndani ya risasi za watu wengine haijulikani mwendo wake hata kwa bunduki ya kiwandani, kwa kuwa viwanda huchanganya mafungu yao na hayauzwi kwa jina lolote.

Baruti yenyewe imeharibika

Hutokea, ingawa mara chache kuliko inavyosemwa. Fungua kopo mbali na uso na unuse kwa umbali. Baruti nzima ina harufu hafifu ya spiriti. Iliyooza ina harufu kali ya asidi inayochoma pua, na vumbi la rangi ya kutu hushikamana na ukuta wa kopo. Kopo la bati huota kutu kwa ndani. Katika risasi zilizokwisha kujazwa, alama ni rangi ya kijani kwenye msingi wa kichwa kinapong'olewa. Kiini chake ni joto la muda mrefu, na stoo ya mabati inayopikwa na jua kila mchana ni mahali pabaya pa kuwekea. Chumba cha ndani chenye ubaridi, kopo la asili lenye kifuniko chake, na sanduku la mbao lililofungwa kwa ufunguo vinatosha. Chombo cha chuma kizito kinachoziba hewa kabisa kisitumike, kwa kuwa moto ukitokea hugeuka kuwa bomu.

Baruti iliyooza isiuzwe, isimwagwe chooni, isichanganywe na nyingine. Mtengenezaji huandika namna ya kuiharibu, na kabla ya hapo ikae nje ya nyumba, mbali na jiko. Iliyobaki ndani ya kipimio mwisho wa kazi irudishwe katika kopo lake jioni hiyo hiyo, na mezani lisiwepo kopo zaidi ya moja. Ikitokea kwamba hakuna anayekumbuka ilitoka wapi, hata kama ni nzima na inang'aa, haina tena kopo la kurudi, nayo ipitie njia ile ile ya iliyooza.